Kabla ya Kununua Nyumba, Malizeni Deni la Mahakamani



Hapa kwetu Mbumbuni mume na mke huweka akiba kwa miaka mingi, shilingi ya ndengu juu ya shilingi ya maembe, ili siku moja wanunue ploti na kuishi kwao. Hilo ni lengo jema. Lakini pengine mmoja wao amebeba siri: zamani alishtakiwa kwa deni, mahakama ikaamuru alipe, naye hakulipa. Kwa kuwa mdai amenyamaza, anafikiri mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Kwa sheria ya Kenya, aliyeshinda kesi ana miaka 12 ya kudai hukumu itekelezwe. Akisikia mdaiwa wake amepata ardhi, anaweza kuiomba mahakama iikamate na iuzwe kwa mnada. Siku dalali atakapobisha hodi, mama atauliza, "Baba watoto, deni hili ni la nani?" Mficha maradhi, kilio humfichua.

Tumkumbuke nabii Yeremia, sura ya 32. Aliponunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17 za fedha, hakufanya gizani. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, na hati ikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Alitaka shamba lile liwe safi kwa watakaokuja baadaye. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kwanza, mwambie mwenzako. Hata ukitaka kunyamaza, siri haitakaa: Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka idhini ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Ni heri mkeo alisikie kwako usiku huu kuliko kulisikia mbele ya karani wa benki. Nawe unayeambiwa, usilifanye fimbo ya kumchapia mwenzako kila mnapokosana.

Pili, nendeni katika mahakama iliyotoa hukumu, iwe ni Tawa, Makueni au Nairobi ulikofanya kazi zamani. Ombeni kuona faili, mjue ni kiasi gani kimebaki pamoja na riba na gharama. Kama kesi iliamuliwa bila wewe kupata hati ya kuitwa, unaweza kuomba hukumu hiyo itenguliwe. Kama deni ni la haki lakini ni zito, unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo.

Tatu, patana na mdai wako. Bwana wetu alitufundisha kupatana na mshtaki tungali njiani. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini msiishie kwenye kupeana mkono. Mdai aijulishe mahakama kwamba amelipwa, na jambo hilo liandikwe katika faili. Malipo yasiyoandikwa yanaweza kuzua kesi nyingine.

Nne, kama mahakama iliweka zuio juu ya shamba lenu, kulipa peke yake hakuliondoi. Ombeni amri ya kuliondoa, muipeleke kwa msajili wa ardhi, kisha mchukue taarifa rasmi ya shamba ili mhakikishe. Chukueni pia taarifa ya ploti mnayoinunua, maana huenda muuzaji naye ana hukumu yake.

Na kama deni lilikuwa la benki au Sacco, ombeni ripoti yenu ya CRB kabla ya kutafuta mkopo. Kila mtu ana haki ya kupata nakala moja bure kwa mwaka.

Wapendwa, sahani moja na kitanda kimoja havitoshi kuwafanya muwe mwili mmoja. Mwili mmoja hujua jeraha la kila kiungo chake. Jioni ya leo, baada ya sala ya familia na watoto wakishalala, kaeni wawili mezani, mtoe karatasi zote za zamani na kuzisoma pamoja.

Mungu abariki nyumba mnayoishi sasa, na ile mtakayoinunua.