Wasomaji wa Bwana Msa

Tangu ilipochapishwa mwaka 1960 riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyokuwa imekwisha kushinda mashindano ya uandishi wa hadithi, wasomaji wake hawajapata kuwa wa tabia moja: wapo ambao, maiti ya Bwana Ali ikiisha kuonekana pale mzimuni, subira huwatoka, wakafunua kurasa za mwisho wapate kumjua muuaji, na wapo ambao, mfano wa mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, hutua, kidole kimeshikilia ukurasa, wakamshuku huyu na kumtoa yule hatiani.

Hao wa kwanza, naona, wamejidhulumu nafsi zao, kwani ladha ya kitabu hiki haimo katika jina la muuaji, bali katika jinsi akili inavyoshindana, hatua kwa hatua, na hofu ya mizimu.

Lakini wanaonistaajabisha hasa ni wale ambao, siri wameshaijua, hukirudia kitabu tangu bismillahi, wakizitafuta zile dalili walizozipita mara ya kwanza bila ya kuzitia maanani.