Kikombe Kilichotengwa

Ziko nyumba za Wakristo ambamo kikombe kimoja hakichanganywi na vingine. Hakuna aliyetangaza ni cha nani. Lakini watoto wote wajua, na mwenyewe ajua zaidi. Ndicho kikombe cha ndugu mwenye virusi vya UKIMWI.

Twauliza: kikombe hicho chamlinda nani? Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo waganga wamechunguza sana, nao wafundisha kwamba virusi haviambukizi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mikono. Tena, mtu amezaye dawa barabara hata virusi visionekane katika vipimo, hamwambukizi hata mwenzake wa ndoa. Basi, hofu imekosa sababu. Kilichobaki ni hukumu.

Wako wasemao: “Twamhurumia mtoto aliyezaliwa navyo, na mke mwaminifu, lakini huyu aliyataka mwenyewe.” Maneno hayo yafanana na haki, kumbe sivyo. Wanafunzi walipomwona kipofu, walimwuliza Bwana wetu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe, akamponya mtu yule. Hatusemi kwamba dhambi si dhambi. Twasema dhambi ina mahali pake pa kuungamwa, napo ni kitubioni. Haihukumiwi katika kabati la vyombo. Naye apimaye huruma kwa kipimo cha usafi wa mtu, ataomba nini siku yake mwenyewe itakapofika?

Tena hukumu hiyo yaua. Aonaye jirani akitengwa huogopa kupimwa. Mwenye dawa huzificha, huacha kuzimeza wageni wakiwapo, na ugonjwa hupata nguvu. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 yakataza unyanyapaa. Lakini askari haingii jikoni. Huko ni zamu ya dhamiri.

Mtakatifu Damiani alikwenda kukaa na wakoma kule Molokai mwaka 1873, akaambukizwa, akafa kati yao mwaka 1889. Yeye aliijua hatari, asiondoke. Sisi tukaapo mezani na ndugu yetu hatuna hatari yoyote, nasi twajitenga!

Wapenzi wasomaji, hatuombi jambo kubwa. Jioni ya leo kikombe kile na kirudishwe pamoja na vingine, na mwenyewe akaribishwe kula.