Halali Barabarani

Mwezi uliopita mpiga picha wetu wa chumba cha habari alinigeuzia simu yake. Kwenye video kulikuwa na gari limesimama kituo cha mafuta huko Uingereza, limelala chini kama mjusi, bawa la nyuma limeinuka juu, na jamaa aliyevaa kaptula analijaza mafuta kana kwamba anajazia Vitz.

"Hii ilitengenezwa kwa uwanja wa mbio tu," akaniambia. "Haikuruhusiwa hata kukata barabara. Wameibadilisha, imekaguliwa, ina namba. Sasa inaendea mkate dukani."

Nikamwambia hilo jambo halijakaa sawa. Akacheka.

"Kaka, imekaguliwa. Ni halali. Shida yako nini?"

Sikumjibu. Jibu nilikuwa nalo, ila mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kulitoa, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele. Kwanza tulitazame gari lenyewe.

Lilikuwa McLaren P1 GTR. Gari hili lilitoka mwaka 2015, kuadhimisha miaka 20 tangu McLaren F1 GTR kushinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1995. P1 ya kawaida, iliyotengenezwa magari 375, ilikuwa na ruhusa ya barabarani tangu kuzaliwa. GTR ilivuliwa ruhusa hiyo kwa makusudi. Ilishushwa karibu na lami, ikapewa bawa lisilokunjika na injini na mota zenye nguvu za farasi 986. IST yangu haifikishi 90. Bei yake ilikaribia pauni milioni 2, na ndani yake mlikuwemo na mafunzo ya kuliendesha. Matairi yake hayakuwa na mifereji hata kidogo. Sisi tungeyaita vipara. Kwenye lami kavu ya uwanjani kipara ni faida, kwa sababu mpira wote unagusa chini. Kwenye mvua ni kifo.

Kisha kampuni ya Lanzante, ya kusini mwa Uingereza, ikaanza kuyarudisha magari hayo barabarani. Ni Lanzante haohao waliosimamia lile gari lililoshinda Le Mans mwaka 1995. Na hawako peke yao. Aston Martin ilitengeneza Vulcan 24 za uwanjani tu, na kampuni ya RML ikaibadilisha moja ikapata namba.

Kulibadilisha gari la namna hii si kubandika sahani ya namba tu. Linainuliwa ili lisikwangue kila tuta. Springi zinalegezwa, maana barabara ina mashimo na uwanja hauna. Linawekewa matairi yenye mifereji, indiketa, vioo vya pembeni, honi, breki ya mkono na vichujio vya moshi. Sauti inapunguzwa. Halafu linapelekwa kwenye ukaguzi wa gari mojamoja, ambao Waingereza huuita kwa kifupi IVA.

Katika ukaguzi huo kuna kipengele kimoja ambacho tangu nikisome kimeniganda kichwani. Mkaguzi huchukua mpira mgumu wenye kipenyo cha milimita 100 na kuupitisha kwenye bodi ya gari. Kila ukingo ambao mpira huo unaweza kuugusa lazima uwe umeviringishwa, nusu kipenyo kisipungue milimita 2.5. Ukiwa mkali kuliko hapo, gari limefeli.

Ule mpira unamwakilisha nani? Unamwakilisha mtu ambaye hayupo pale kwenye ukaguzi. Bibi anayevuka na kikapu. Mtoto aliyekimbilia mpira wake. Mtu ambaye hatalinunua gari lile, hajui linaitwaje, na siku moja mwili wake unaweza kukutana nalo. Wabunifu wa uwanjani hawakuwa na sababu ya kumfikiria, kwa kuwa uwanjani hayupo. Gari linapotaka kuingia barabarani, ndipo kwa mara ya kwanza linalazimika kukiri kwamba yeye yupo.

Nimtendee haki mwenye gari pia, maana ni rahisi kumhukumu tajiri kwa wivu ukaita wivu huo maadili. Chukua Ferrari FXX ya mwaka 2005. Mnunuzi alilipa zaidi ya euro milioni moja, lakini mara nyingi gari lilibaki Maranello, Italia, likitunzwa na kiwanda, naye akialikwa kuliendesha siku za uwanjani. Sasa huo ni umiliki gani? Umenunua ng'ombe, lakini anakaa zizini kwa aliyekuuzia, na maziwa unakunywa siku ukikaribishwa. Mtu anayetaka kutoka na gari lake asubuhi, aende nalo anakotaka na kurudi, haombi jambo la ajabu. Anaomba kitu chake kiwe chake kweli. Hapo nipo upande wake.

Ila kitu chako kikishaingia barabarani, hakiko tena mahali pako. Na hapa inabidi tujiulize: barabara ni nini hasa?

Jibu la haraka ni lami. Lakini nenda tena Le Mans. Sehemu kubwa ya njia ile maarufu ya mbio ni barabara ya umma. Ule mnyooko mrefu wa Mulsanne siku za kawaida unapitwa na magari ya mizigo na watu wanaokwenda kazini. Zikifika siku za mbio, unafungwa na kuzungushiwa vizuizi, na magari yanapita kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Mbio zikiisha, vizuizi vinaondolewa, na mama anapita na watoto wake kwenye kiti cha nyuma. Lami ni ileile. Kilichobadilika ni makubaliano.

Uwanja wa mbio ni mahali ambapo kila aliyepo amekubali. Wote wanaelekea upande mmoja. Wamevaa kofia ngumu, kuna watu wa bendera, gari la wagonjwa linasubiri. Dereva amesaini, fundi amesaini, hata mtazamaji anajua alichokifuata. Na bado makubaliano hayo yanaweza yasitoshe. Tarehe 11 Juni 1955, hukohuko Le Mans, Mercedes-Benz 300 SLR ya Pierre Levegh iliruka na vipande vyake vikaingia kwenye umati. Walikufa watu zaidi ya 80. Mercedes ilikuwa imeandaa magari mawili ya paa la kufunga yatokanayo na 300 SLR hiyo kwa mbio za Mexico, lakini baada ya maafa yale mbio zile zikafutwa. Magari yakabaki bila kazi. Mhandisi aliyeyabuni, Rudolf Uhlenhaut, akachukua moja akawa anaendesha barabarani kama gari lake la kazini. Mwaka 2022 moja ya hayo mawili liliuzwa kwa euro milioni 135.

Simhukumu Uhlenhaut. Alikuwa dereva hodari, na sina habari kwamba alimgonga mtu. Nasema tu kwamba uwanjani, mbele ya watu waliokubali kuwepo, ndugu wa gari lile aliua zaidi ya 80. Barabarani linapita katikati ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Barabara ndiyo hiyo: mahali tunapokutana na wasiokubaliana nasi lolote.

Ndiyo maana sheria ipo. Inakubali kwa niaba yao. Mkaguzi anapopitisha mpira wake, anasimama badala ya bibi mwenye kikapu na kusema: sawa, kwa niaba yake, pita. Kwa hiyo rafiki yangu mpiga picha alikuwa sahihi nusu. Gari lile limeomba ruhusa, na limepewa.

Nusu nyingine ni hii. Kila kiangazi, mitaa ya Knightsbridge jijini London hujaa magari ya kifahari, mengi yakisafirishwa kutoka nchi za Ghuba. Yana namba, yana bima, ni halali. Na bado halmashauri ya Kensington na Chelsea ililazimika mwaka 2015 kuweka amri dhidi ya kuvumisha injini na kupiga resi ovyo, kwa kuwa wakazi walikuwa hawalali. Hakuna aliyevunja sheria ya ukaguzi. Walioshindikana walikuwa madereva, na mpira wa milimita 100 haumkagui dereva.

Sasa nilipe deni langu la mwanzo.

Miaka mitatu iliyopita matairi ya IST yangu yalikuwa yameisha. Vipara, na si vya kiwandani kama vya GTR. Vipara vya mshahara. Ukaguzi ukakaribia. Rafiki yangu mmoja alikuwa na matairi mapya, gari lake lina saizi ileile. Asubuhi fundi akahamisha yale manne kwangu chini ya mwembe, nikaenda, nikakaguliwa, nikapata stika. Mchana tukayarudisha. Nikamuuliza fundi kama hii kitu ni sawa kweli. Akanijibu huku anakaza nati: "Stika haiulizi matairi ya nani."

Tukacheka wote. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mimi nilijiona mjanja. Kwa miezi kadhaa nilipita mbele ya trafiki kifua mbele. Nilikuwa halali.

Mwezi Machi ikanyesha ile mvua ya alfajiri ya Dar. Nilikuwa nimechelewa mkutano wa asubuhi. Kwenye kivuko karibu na shule ya msingi kuna binti akaingia, mdogo, darasa la pili au la tatu, mkononi kabeba ufagio wa chelewa. Nilimwona mapema. Hilo ndilo ninalotaka uelewe: nilimwona mapema kabisa, nilikuwa spidi ya kawaida, na nilikanyaga breki kwa wakati. Gari halikusimama. Liliteleza polepole, kama mtumbwi unaofika ufukweni, likavuka mistari ya kwanza ya pundamilia, nami ndani nimeshika usukani nisijue niufanye nini. Lilisimama pale alipofika kuweka kiganja chake juu ya boneti.

Tukatazamana kupitia kioo, wipa zinapita. Kisha akaondoa mkono, akasogea pembeni, akaniambia: "Shikamoo."

Nikaitikia marahaba. Sikuwa na neno lingine. Mtoto niliyekaribia kumuua alinipa heshima yangu ya mtu mzima, nami nikaipokea, na stika ya ukaguzi ipo kwenye kioo, ipo kati yetu.

Najua utakachosema. Ukiweka IST yangu ya siku ile na GTR ya Petersfield mezani, hatari ni yangu. Lile lina breki za hali ya juu, matairi mapya na mwenye nalo analitoa mara chache, tena kwa uangalifu, maana likikwaruzwa anaumia. Ni kweli. Pengine bibi mwenye kikapu yuko salama zaidi mbele ya nguvu za farasi 986 zilizokaguliwa kwa dhati kuliko mbele ya 90 zilizokaguliwa kwa matairi ya kuazima. Ndiyo maana sijaandika haya kumsema tajiri wa Uingereza.

Nimeandika kwa sababu ya lile neno la rafiki yangu: imekaguliwa, ni halali, shida nini. Ni neno nililokuwa nikijiambia mwenyewe. Tumelifanya "halali" kuwa mwisho wa mazungumzo, wakati kwa wanaotumia barabara moja lilipaswa kuwa mwanzo. Ruhusa ya barabarani hatupewi na ofisi. Ofisi inaiandika tu. Inatolewa na watu wasiotujua, na wanaitoa bila kuulizwa, kila asubuhi, kwa kuweka mguu kwenye kivuko wakiamini kwamba tutasimama. Fundi wa Lanzante anaweza kukifanya chombo kistahili imani hiyo. Kumfanya dereva aistahili ni kazi ambayo hana spana yake, na haifanyiki mara moja ikaisha. Mwenye GTR ataifanya kila akigusa kile kikanyagio kinachoweza kumtoa sifuri hadi mia kabla sijamaliza sentensi hii. Mimi naifanya kila nikisikia mvua usiku na kukumbuka kuangalia matairi.

Nilinunua mapya wiki ileile, kwa mkopo. Wiki iliyopita nilimsimulia mpiga picha habari hii yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nilimfahamu yule mtoto. Nikamwambia hapana. Napita pale karibu kila siku, natazama, na watoto wote wamevaa sare.