Masurufu ya Mzazi Hayatoki katika Zaka

Ndugu zetu wa pwani waliohamia Nakuru kwa kazi na biashara wametuuliza: mzazi aliyekonga, asiyeweza kujitawadhisha, yafaa kuwekwa katika nyumba ya wazee kwa malipo? Na malipo hayo yafaa kutolewa katika zaka?

Twajibu: kumwajiria mtumishi si haramu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamemhesabu mtumishi katika masurufu ya mzazi fakiri, akimhitaji. Ama zaka, hapana! Masurufu hayo ni wajibu juu ya mwana mwenye uwezo, na mtu halipi wajibu wake kwa haki ya mafakiri. Wala shilingi 2,000 za Inua Jamii, wapewazo wazee wa miaka 70 na zaidi kila mwezi, hazimwondolei mwana dhima.

Kabla ya kuchagua nyumba, muulizeni mzee mwenyewe. Aliyezoea joto la Mombasa na adhana ya msikiti wake, mwampandishaje kwenye baridi ya Nakuru bila shauri lake? Tazameni nani atakayemwosha, mwanamume au mwanamke, na chakula chapikwa na nani.

Kisha mwendeeni. Suratul Israa, aya ya 23, yakataza hata kuwagunia wazazi. Wako wajisifuo kwa hilo, nao hawajawaona tangu Idi mbili zilizopita.