Sentimita Kumi na Mbili Zimekwenda Wapi?

Mchoro ukipita kwenye mashine ya mtu usiyemjua, ukatoka umepungua, na fundi akajenga kwa kuufuata, deni ni la nani? Wengi wataliona swali dogo. Mimi naona ni swali la uaminifu.

Kazi yangu ni kuchora. Si picha za kutundika ukutani, la. Michoro ya kazi: nyumba, kenchi, mabamba ya chuma. Kazi hiyo hunizungusha Tabora, Urambo, Kaliua, mpaka Uvinza na Kigoma, upande uleule walikopita wapagazi wa misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wao walibeba mizigo begani, mimi nabeba flashi mfukoni. Nikifika mji natafuta steshenari, nampa kijana flashi, anaprinti.

Hapo ndipo penye mtego. Printa nyingi haziweki wino mpaka ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo mara nyingi kompyuta huupunguza mchoro wenyewe ili uenee, bila kumwuliza mtu. Tuseme umetoka asilimia 97. Kwa macho huoni kitu. Lakini kwa skeli ya 1:50, ukuta wa mita 4 huchorwa milimita 80. Sasa una 77.6. Fundi akiweka rula anapata mita 3.88. Sentimita 12 zimeliwa na hakuna aliyeziiba! Na ukiwa mchoro wa ukubwa halisi, ule wa kubandika juu ya bamba na kutoboa, matundu yaliyotakiwa kuachana milimita 200 yataachana 194. Bolti zimeshasimama ndani ya zege, bamba haliingii. Nani atalipa chuma cha watu?

"Kaka, si umetoka wote?" kijana atakwambia. Na kweli umetoka wote. Kwake hiyo ni hisani, maana ungekatwa pembeni ungelalamika. Mimi nasema afadhali ungekatwa. Mchoro uliokatwa unaonyesha kidonda chake. Hata mchoro wa A1 ukibanwa kwenye A3, urefu wote unakuwa nusu, na nusu kila mtu ataishtukia: nani anajenga sebule ya mita 2? Uongo mkubwa hujikamata wenyewe. Ule mdogo ndio unaoingia kwenye msingi.

Wapo watakaosema fundi asipime kwa rula, asome namba zilizoandikwa. Kweli, ndiyo kanuni. Lakini saiti tunaijua jamani: namba moja imesahauliwa, mchoraji yuko ndani ya basi, simu haipatikani, vibarua wanasubiri. Fundi atafanyaje? Atachukua rula.

Enzi za misafara, vitambaa kama merikani vilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 8 ndiyo doti. Mikono ya watu hailingani, na hilo halihitaji shule. Lakini mkono ule ulikuwa mbele ya macho ya muuzaji na mnunuzi, na ubishi ungeweza kumalizwa palepale. Kipimo kilikuwa kibovu, ila hakikujificha. Printa ina kipimo safi kabisa, halafu inapunguza kimyakimya.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: anayejua zaidi ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Kijana wa steshenari hajui bamba ni nini. Fundi hajui kompyuta ilifanya nini. Mchoraji anayajua yote mawili. Na deni lake haliishi kwa kusema "printi asilimia 100" kisha akapanda basi. Achore pembeni mstari, aandike: mstari huu ni milimita 100. Mchoro ukipungua, mstari nao utapungua, na fundi yeyote mwenye rula ataugundua uongo kabla hajachanganya zege.

Kumwambia mtu "niamini" ni rahisi, tena ni kumtwisha mzigo wako. Mpe njia ya kukukagua wakati haupo. Anayeona namwonea mchoraji, na alete hoja zake tubishane.