Je, Ni Hadaa Kuziba Jeraha la Mbao?

Swali hili si la maseremala peke yao. Fundi akiuchana ubao kwa randa, kisha akaziba mahali pale kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi, akauza mlango kwa bei ya mlango usio na ila, je, amemdanganya mtu? Wengine husema, La, maana mlango wafunguka na kufungwa. Sisi twaona imetupasa kwanza kuutazama ubao wenyewe.

Wazee wetu wa Uzaramo waliujua mvule na mninga. Siku hizi fundi hapa Mzenga hukutana pia na msonobari, mti wenye asili ya Meksiko, uliopandwa kwa wingi huko Sao Hill, Mufindi. Ni mti mwororo, na watu hudhani kitu chororo ni chepesi kutengeneza. Sivyo. Palipoota tawi pana kifundo, na nyuzi hukizunguka kama maji yazungukavyo jiwe mtoni. Upande mmoja zapanda, upande wa pili zashuka. Randa ikienda kinyume chake, kisu hakikati, bali huingia chini ya nyuzi kama kabari na kuzinyofoa. Na kisu kikiwa butu, nyuzi laini hulala mbele yake, kisha zakatika ovyo.

Dawa yake yajulikana. Ubao ugeuzwe, upigwe randa kwa kufuata nyuzi. Kisu kinolewe hata kinyoe nywele za mkono, tena kitokeze kidogo mno. Kibamba kilicho juu yake kisogezwe karibu na makali, isizidi nusu milimita, kiyavunje maranda kabla hayajainua nyuzi. Penye kifundo hata kugeuza ubao hakufai sana, kwa kuwa njia iliyo njema pande zote haipo. Hapo ni makali na subira.

Lakini kunoa kwataka saa, na saa hiyo hapana ailipaye. Mnunuzi ataka mlango wa bei ndogo kabla ya masika. Fundi naye ana watoto. Hatumhukumu kwa kuziba, maana hata mafundi hodari huziba. Kosa haliko katika gundi, liko katika kunyamaza. Akisema, "Mama, nimeziba hapa na hapa, kwa hiyo nakupunguzia," kazi yake ni halali. Asiposema, mvua itasema: ubao utavimba, kisha utasinyaa, kiraka kitabanduka pamoja na rangi, na yule mama hana fedha ya mlango mwingine. Mithali hutaja mizani ya hadaa. Rangi nayo yaweza kuwa mizani.

Tena iko hila nyingine, nasi twaiona mbaya zaidi, nayo ni kuusingizia mti. "Mbao hizi mbaya," asema fundi, na kisu chake hakijaona kinoo tangu Jumatatu. Mnunuzi huitikia kwa kichwa. Mwanagenzi asimamaye kando na ufagio asikia pia, na siku atakapopewa randa yake, neno hilo atakuwa nalo tayari.