Uso wa Mtu Hubishiwa Hodi

Wahenga walisema macho hayana pazia, na ni kweli. Anayepita Kariakoo saa sita mchana hawezi kutembea amefumba macho. Lakini jicho huona likapita. Simu hukamata, ikahifadhi, ikasambaza. Na kinachosambazwa ni uso wa mtu aliyekuwa akihangaikia riziki yake, wala hana habari. Naomba tusemezane juu ya jambo hili, nami nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, katika Mtaa wa Kongo, nilimkuta mzee amelala juu ya mkokoteni wake chini ya turubai la mmachinga. Kifua wazi, viatu amevifanya mto, mkono mmoja umening'inia karibu uguse lami. Nakiri kwamba niliiona picha kabla ya kumwona mtu. Nikaipiga, nikaituma kwenye makundi mawili ya WhatsApp pamoja na maneno ya kuwasifu wachapakazi. Wiki mbili baadaye nilinunua majora ya vitambaa, na mchukuzi aliyeitwa kunibebea alikuwa yeye yule. Mwenye duka, ambaye tumo naye kundi moja, alikuwa ameshamwonyesha. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniamsha nikavaa shati."

Maneno hayo nimeyatafakari kuliko mawaidha mengi niliyowahi kusikiliza. Hakudai fedha. Alidai nafasi ya kujisitiri, na sitara sisi tumelelewa nayo. Hatuingii nyumba ya mtu bila hodi hata mlango ukiwa wazi. Tunasimama nje ya pazia, tunaita mara tatu, tusipoitikiwa tunaondoka. Aliyelala juu ya mkokoteni mchana wa jua kali, nyumba yake kwa saa ile ni ule mkokoteni.

Wazee wetu walipotaka picha walikwenda studio. Pale Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu walikwenda kwenye studio za namna hiyo wakiwa wameoga, wamechana nywele, wamevaa nguo ya sikukuu. Picha ilikuwa yao, wakaitundika ukumbini. Lakini pwani hiyohiyo ilishapigwa picha za namna nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa kadi za posta zenye sura za wanawake na wachukuzi wetu. Chini yake pameandikwa kabila au kazi, jina hakuna. Leo mjukuu akiishika kadi ile hawezi kujua kama anamtazama bibi yake au bibi wa jirani. Tunaumia, na tuna haki ya kuumia. Basi tuzitazame na picha zetu za "mama lishe", "bodaboda" na "mzee wa kahawa", tuone zinatofautiana wapi na kadi zile. Kwamba aliyeshika kamera safari hii ni mwenzetu, hilo halimpunguzii mpigwa picha uchungu wowote.

Sikatazi picha. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na leo picha ya mtu aliyekuwa akiuza ndani yake ni hazina kwa wanawe. Kinachopimwa ni nia, na njia tuliyopitia. Wapo wanaozunguka na vipaza sauti wakimwuliza muuza ndizi swali la mtego juu ya ndoa yake, ili watazamaji wacheke. Yule mama amejibu kwa sababu alifunzwa kwao kwamba mgeni akikuuliza hujibiwa. Kuigeuza adabu yake kuwa kichekesho ni dhuluma, hata kama mwenyewe alitabasamu. Anayerekodi ajali badala ya kumwinua majeruhi, na anayempa maskini unga mbele ya kamera, sina haja ya kuwaeleza kosa lao, wanalijua.

Mwaka 2010 Brandon Stanton alianza kupiga picha watu wa mitaani New York, akikusudia kukusanya sura 10,000. Kilichowagusa watu zaidi kikawa maneno ya wale aliosimama kuzungumza nao. Sisi njia hiyo tumeirithi kwenye salamu. Mzee mpe shikamoo, aliye kazini mwambie pole na kazi, halafu usiivuke salamu mbiombio ili ufike kwenye haja yako. Keti. Mwache naye akuulize unatoka wapi na una watoto wangapi; kuuliza bila kuulizwa ni mahojiano ya kituoni. Ukishaomba picha, sema inakwenda wapi. Kama ni kundi la ukoo, sema hivyo. Kama ni ukurasa unaotazamwa na maelfu, sema hivyo pia. "Ni ya kwangu tu" ni uongo unaotutoka kirahisi mno. Mtoto ana mzazi, aombwe mzazi. Na ukimwona mtu ana njaa, mpe chakula bila sharti, maana ridhaa iliyonunuliwa kwa sahani ya wali ina mashaka.

Sheria nazo zipo: Kenya ilitunga yake ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni vyema tuzijue. Lakini siku ile dukani hakuna aliyenitajia sheria, na bado sikuweza kuinua uso.

Nilimwomba mzee radhi mbele ya mwenye duka, nikaifuta picha, ingawa najua iliyokwisha kusambaa hairudi. Kisha tukakaa kwenye ukingo wa mkokoteni, akanisimulia namna ya kupanga mzigo ili usikuelemee kwenye mteremko, na jinsi alivyokuja mjini kijana. Nikamwomba nimpige picha safari hii akiwa macho. Akalitazama shati lake, akalikung'uta vumbi begani, akasema, "Siku nyingine. Nitakuja na lile la Ijumaa."

Nimepita pale mara tatu tangu hapo. Tunasalimiana, tunaulizana hali za nyumbani. Shati la Ijumaa bado hajaja nalo, na simu yangu imebaki mfukoni.